Posa Yangu, Birika na Kondoo

Jumapili, 3 Agosti

Upepo wa Katesh leo umenimwagia vumbi kwenye masweta yote. Nimeyakung'uta mara tatu. Wateja wawili tu. Mmoja alikuwa anauliza njia ya kwenda stendi.

Siku ya kumi na nne tangu barua yangu ya posa ifike kwa Mzee Abdulswamad. Jibu bado. Mzee ana duka la vifaa vya ujenzi, ana sauti kubwa, na ana binti anaitwa Samira. Nikimwona Samira nasahau bei za bidhaa zangu mwenyewe. Nina miaka thelathini na minne. Nikikataliwa sina mpango wa pili. Nimejaribu kuufikiria. Haupo.

Leo nimegundua kwa nini jibu linachelewa. Mzee hana nafasi ya kufikiria posa. Kila Jumapili na Jumatano, saa kumi jioni, anawasha televisheni dukani na kutazama Sura ya Nani. Watu maarufu wanavishwa madude makubwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Wanaimba. Majaji wanabahatisha ni nani. Kisha ukumbi mzima unapiga kelele, Vua! Vua! na kichwa cha bandia kinavuliwa. Nusu ya mtaa hukaa pale dukani juu ya mifuko ya saruji na kubahatisha pia. Inasemekana Mzee hajapatia hata mara moja tangu msimu uanze mwezi wa sita. Anakosa, ananuna, anazima televisheni, anaiwasha tena.

Wazo! Atakayeleta majibu sahihi ataonekana mtu wa akili. Mtu wa akili hanyimwi mke.

Tatizo: mwenye posa inayosubiri jibu haendi kukaa kwa wakwe akakodolea macho televisheni yao. Ni aibu. Mshenga anaruhusiwa. Mshenga wangu ni Mzee Selemani, rafiki wa marehemu baba, dereva mstaafu wa malori ya ngano kule Basotu. Mpango ni huu: mimi natazama kwenye mgahawa wa dada Zita, ng'ambo ya barabara. Nikijua jibu nampigia simu. Yeye anasema kwa sauti: kijana wangu Farouk anasema ni fulani.

Mzee Selemani aliuliza kama kutakuwa na chakula. Nikasema naamini kipo.

Jumatano, 6 Agosti

Mimi ni mtu hatari. Nimevumbua njia.

Wengine wanasikiliza sauti, wanatazama kimo. Kazi bure. Mimi natazama salamu! Ukimfunika mtu uso, hujafunika malezi yake. Leo alikuja mmoja amevaa kama gunzi la mahindi. Jaji Violeth, mama wa miaka arobaini na kitu, akamwamkia shikamoo kwa utani. Gunzi likajibu marahaba bila kusita. Basi ni mkubwa kwa Violeth. Halafu likaimba taarabu. Mkubwa, taarabu, mikono kiunoni: Mama Shanga!

Dada Zita alikuwa amemtaja Mama Shanga kabla yangu, tena akiwa ameipa televisheni mgongo, anakaanga chapati. Hiyo siihesabu. Ni bahati.

Nilimpigia Mzee Selemani. Kichwa cha gunzi kikavuliwa. Mama Shanga! Nikasikia kelele ng'ambo ya barabara, watu wanapiga makofi dukani. Nikasimama mlangoni kwa Zita nikajinyoosha kola.

Jioni Mzee Selemani akapita. Nikamuuliza walisemaje kuhusu mimi. Akasema walimsifu sana. Nikauliza walimsifu nani. Akasema yeye. Jina langu lilimtoka, kwa sababu ya kelele. Mzee Abdulswamad amemkalisha karibu yake, akampa pilau, kisha akamwongeza.

Nimemsihi Jumapili alitaje jina langu kwanza, kabla ya jibu. Ameahidi. Alikuwa bado anachokonoa meno.

Ijumaa, 8 Agosti

Mnadani Endasak. Nimeuza masweta tisa na mizula mitatu, ile ya kuziba uso inayoacha macho tu. Asubuhi za huku mlimani hazina mchezo.

Baada ya swala nilimwona Mzee Abdulswamad kwa mbali. Nilijificha nyuma ya gari la vitunguu mpaka akapita. Sijui kwa nini nilijificha. Sikuwa nimefanya kosa lolote.

Jumapili, 10 Agosti

Nisiandike. Lakini nitaandika.

Leo alikuja mtu ndani ya birika. Birika kubwa, mdomo unatoa moshi. Kabla ya kuimba likainama mbele ya Jaji Violeth na kusema shikamoo, kwa adabu kabisa, hata magoti yakakunjika. Nikasema, huyu ni mtoto mdogo. Violeth ana arobaini na nne. Birika lina ishirini. Linacheza kwa kuyumba. Dogo Feni! Yule kijana wa nyimbo za harusi!

Zita alisema hapana, huyo ni mtu mzima, anavuta pumzi katikati ya maneno. Nikamwambia achunge chapati zake.

Nikapiga simu. Safari hii Mzee Selemani alitimiza ahadi. Alisimama, akatangaza mbele ya watu wote kwamba Farouk bin Hamisi, muuza masweta, mwenye posa katika nyumba hii, anasema kwa uhakika kwamba huyu ni Dogo Feni. Nilimsikia mwenyewe kutoka ng'ambo ya barabara. Sauti ya dereva wa lori.

Birika likavuliwa kichwa. Babu Nyavu! Golikipa wa zamani! Miaka hamsini na miwili, upara unang'aa. Kumbe Violeth ni mama yake mdogo, mdogo wa mwisho wa mama yake mzazi. Anampita Violeth kwa miaka minane na bado anampa shikamoo, na ndivyo inavyotakiwa. Hata mimi nina mama mdogo wa rika langu kule Tumati, namwamkia kila nikimwona. Nililijua hilo! Kwa nini sikulifikiria?

Kicheko kilichotoka dukani kiliamsha mbwa wa stendi. Kwa hiyo jibu sahihi la Jumatano ni la Mzee Selemani, na jibu la ovyo la Jumapili ni la Farouk bin Hamisi.

Sikula.

Jumatatu, 11 Agosti

Samira amekuja kibandani! Alisema anatafuta sweta la mdogo wake. Aligusa masweta manne bila kuyatazama. Kisha akasema baba yake bado anacheka kuhusu birika. Nikamuuliza ni kicheko cha namna gani. Akasema cha kawaida.

Akaniambia nimwache baba yake na televisheni yake. Mzee hapendi mjuaji, anapenda apatie yeye. Wanaokuja na majibu wanamuumiza roho. Kuhusu posa, anataka jambo moja tu, kujua mimi ni mtu wa namna gani. Basi nikae kimya, niuze masweta, nisubiri. Yeye Samira jibu lake keshalitoa nyumbani, na ni jibu zuri.

Jibu zuri! Alisema hivyo, halafu akaondoka bila sweta. Nimekaa dakika nyingi nimeshika sweta la mtoto, nikiona aibu kwa furaha.

Kisha nikayatafakari maneno yake kwa utulivu. Mzee anapenda apatie yeye. Basi nitamsaidia apatie! Nitamnong'oneza jibu la fainali, atalitamka kama lake, atashinda mbele ya watu wote. Atanishukuru maisha yake yote. Samira ana akili sana. Wazo hili amenipa yeye.

Jumatano, 13 Agosti

Mzee Selemani amekataa kunong'ona. Amesema amekuwa mshenga wa ndoa saba na hakuna hata moja iliyowahi kuingiliwa na birika. Kazi yake ni kupeleka posa na kurudisha jibu. Zaidi ya hapo anakwenda kule kama mtazamaji, na watu sasa wanamheshimu kwa sababu ya Mama Shanga.

Nami nikajaribu njia ya Zita. Nikaipa televisheni mgongo na kutazama jiko. Niliposema ni Kidevu mchekeshaji, akavuliwa mwanadada wa miaka kumi na tisa. Zita akaniambia, "Farouk, wewe hukusikiliza. Ulikuwa unatazama chapati."

Nilikuwa nazitazama, ni kweli.

Fainali ni Jumapili. Amebaki yule aliyevishwa kama kondoo, ambaye hakuna jaji hata mmoja aliyempatia tangu mwanzo. Nimemuuliza Zita kwa unyenyekevu. Akasema bila kugeuka kwamba ni Judica, yule mama anayesoma habari za asubuhi redioni. Anamsikia kila siku anapowasha jiko, haiwezekani asimjue.

Sasa jibu ninalo. Bado wa kulipeleka.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitakwenda mwenyewe.

Mpango: Mzula wa kuziba uso, kutoka kibandani kwangu. Shuka zito juu ya mabega. Fimbo. Nitakuwa mfugaji kutoka Basotu aliyekuja kununua misumari ya zizi. Wateja wengi wa Mzee huja hivyo, na kwa baridi hii kila mtu amejifunika. Nikisikia jina la Kondoo linatafutwa, nitajisogeza, nitamnong'oneza Mzee neno moja tu, Judica, kisha nitatoka. Hatajua ni nani. Baadaye, tukishaoana na Samira, siku moja nikiwa mzee, nitamwambia.

Sauti ndiyo hatari. Kwa hiyo sitasema chochote mpaka wakati wa kunong'ona. Nimefunga kitambaa shavuni chini ya mzula. Kisingizio: jino linauma. Mtu mwenye jino hasemeshwi.

Nimejaribu mbele ya kioo. Sikujitambua. Nilishtuka kidogo.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika nikiwa kibandani, mlango nimeufunga.

Saa kumi kasoro nikavuka barabara. Zita aliniona kutoka dirishani. Akaniuliza Farouk unakwenda wapi na shuka hilo. Nikaongeza hatua. Macho ya Zita si kipimo.

Duka lilijaa. Watu juu ya saruji, watu juu ya mapipa ya rangi, Mzee Selemani mbele kabisa na sahani yake. Samira yuko mlango wa ndani na birika la chai. Kondoo yuko kwenye skrini. Hakuna aliyenitazama. Nikapita kwenye nondo bila kugusa kitu. Nikafika hatua mbili kutoka kiti cha Mzee Abdulswamad. Mambo safi!

Mzee akageuza shingo akanitazama usoni.

Nami nikasema, "Shikamoo, mzee."

Sikusema mimi. Ulisema mdomo. Mama yangu alinilea kwa kofi: ukifika mbele ya mtu mzima hupiti kimya, uwe mgonjwa, uwe na jino, uwe unakimbizwa na nyuki. Miaka thelathini na minne mdomo huu haujawahi kumpita mzee bila kumwamkia. Na nililitamka kama ninavyolitamka siku zote, kichwa chini, mkono kifuani, kwa kuvuta.

Mzee Abdulswamad hakujibu marahaba. Aliinua mkono. Duka likanyamaza. Mtu akapunguza sauti ya televisheni. Mzee akainuka polepole, akaninyooshea kidole, akasema,

"Huyu ni Farouk wa masweta!"

Mtu mmoja kwenye mifuko ya saruji akasema, vua. Mwingine akasema, vua. Duka zima likaanza, Vua! Vua! Vua! Mzee Selemani alikuwa anapiga sahani kwa kijiko. Nilimtafuta Samira kwa macho. Alikuwa amefunika uso kwa ushungi, mabega yanamtikisika.

Nikavua.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Mzee aliruka. Mzee wa miaka sitini na saba aliruka! Nimepatia, nimepatia, akawa anasema, akimshika kila mtu mkono. Walimbeba. Kule nyuma Kondoo alivuliwa kichwa na hakuna mtu hata mmoja aliyetazama.

Nilitoka bila fimbo. Nimelala kibandani juu ya masweta. Posa imekufa. Mtu aliyeingia kwa mkwe wake amejifunika kama mwizi, nani atamwoza? Samira, nisamehe. Nilikuwa na jibu zuri mkononi nikaliangusha mwenyewe.

Jumanne, 19 Agosti

Mzee Selemani amekuja asubuhi, amevaa kanzu. Nikajua ni jibu rasmi. Nikakaa chini kabla hajasema.

Mzee Abdulswamad amekubali.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Mzee alimwambia hivi: "Nilikuwa nataka kumjua kijana huyu ni mtu wa namna gani. Sasa nimemjua. Mtu ambaye hawezi kujificha hata akiwa ndani ya mzula na shuka, hataweza kumficha binti yangu kitu. Na hata akitaka kudanganya, adabu haimwachii. Aje tuzungumze mahari."

Nililia kidogo. Mzee Selemani akatazama masweta mpaka nikamaliza. Baadaye Samira alituma ujumbe wa neno moja. Alhamdulillahi. Nimeusoma mara nyingi.

Dada Zita amenipa chapati bure. Alikuwa sahihi, Kondoo alikuwa Judica.

Jumatano, 20 Agosti

Nimetafakari kwa utulivu. Mpango wangu ulifanikiwa kabisa. Nilisema nitamfanya Mzee apatie mbele ya watu wote, na amepatia. Marekebisho ni madogo tu.

Jambo moja linanisumbua. Samira atahamia kwangu, na daftari hili limo ndani. Gari la vitunguu, birika, kulia juu ya masweta. Asilione kamwe. Nimelitia ndani ya sanduku la bati, chini ya kanzu za baba. Linahitaji kufuli. Kufuli nzuri ziko duka moja tu hapa Katesh.

Sikwenda mwenyewe, mimi si mjinga. Nimemtuma Mzee Selemani, nikamwonya aseme ni kufuli yake, ya banda la kuku. Amerudi sasa hivi mikono mitupu. Alisema alivyoambiwa, neno kwa neno. Mzee Abdulswamad akamtazama, kisha akauliza Farouk anataka kufuli ndogo au kubwa.

Sijui amejuaje. Nadhani ni bahati tu.

Nimemrudisha akachukue kubwa.