Dipu Hausi ya Ndunge

Jumatatu, 9 Machi 2026
Ndunge wangu anatengeneza muziki! Unaitwa dipu hausi. Hoteli mpya hapa Kabati inatafuta mtu wa kupiga muziki kila wikendi. Watachagua Ijumaa, kati yake na kijana wa jirani yangu Kalunde. Yule! Anapiga kinanda cha kanisa kama mtu anayetafuta funguo gizani. Ndunge anataka spika mbili za studio. Nikamwambia aniachie mimi. Nani Kabati nzima ananishinda kununua kitu?

Jumanne
Dukani kwa Ahmednur. Alinitolea vispika viwili vyeusi kama gorogoro za kupimia mahindi. Akasema mama, hizi ndizo za studio, zinasema ukweli. Ukweli! Kwani nimekuja kortini? Nikachukua moja kubwa kama jokofu, yenye taa za kuzunguka. Hiyo Kalunde ataisikia akitaka asitake.

Studio pia nimepata. Dipu hausi si nyumba ya dipu? Ile ya kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, imekaa bure tangu dawa iishe. Nimefagia mwenyewe.

Jumatano
Ndunge alipoiona studio yake alikaa chini kwenye saruji. Akasema mama, si dipu, ni diipu! Nikamwuliza, na mimi nimesema nini? Eti maana yake ni muziki wa kina. Sasa dipu haina kina? Inameza fahali mzima! Eti pia kuta zinarudisha sauti. Ng'ombe hawajawahi kulalamika.

Akaniomba nirudishe spika. Nilikuwa karibu kukubali. Lakini Kalunde akapita, akauliza kama tunaanza kuogesha msichana au spika. Basi. Hairudi!

Alhamisi
Tuliwasha. Kishindo kilifika ng'ambo ya mto. Watu wakadhani dipu imefunguliwa! Kufikia mchana foleni ya ng'ombe ilikuwa imefika barabarani. Ndunge alirekodi hivyo hivyo. Tukasikiliza: ngoma kidogo, ng'ombe wengi. Mtoto wangu akalia. Roho iliniuma sana. Ila aliyepiga kelele kuliko wote ni ng'ombe wa Kalunde. Makusudi!

Ijumaa
Asubuhi Ndunge alienda kuazima zile gorogoro za Ahmednur. Akatundika blanketi zangu zote chumbani, eti zimeze mwangwi, akanifungia mlango arekodi upya. Mimi! Mamake!

Jioni, hotelini. Kijana wa Kalunde alianza, watu wakaendelea kutafuna. Ndunge akaweka wake. Hata wapishi walitoka jikoni wakicheza! Kazi ni yake. Nililia, sifichi. Meneja akasifu sauti ilivyo safi, nami nikasimama nikawatangazia kwamba vifaa vilichaguliwa na mamake. Ndunge akatazama sakafu. Kwa heshima.

Jumamosi
Ndunge anasema wimbo ujao unahitaji kompresa. Akaanza kunieleza eti ni ya kusawazisha sauti. Nikamkatiza, kompresa naijua tangu kabla hajazaliwa. Nimeshaongea na Muigai wa pancha. Jumatatu ananiletea ile ya kujaza matairi ya lori. Wa Kalunde abaki na pampu ya baiskeli!