Magauni Mawili Kwenye Chetezo

Wenzangu wa Isiolo, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya askari watatu, mbele ya mama mzazi wa mke wa mwanangu, na mbele ya lori zima. Nawaandikia mapema kwa sababu dereva wa lori hilo ni mtu wa mdomo, na wiki ijayo atakuwa huko kwenu. (Mama Zainabu, najua wewe ndiye utakayewasomea wenzako. Soma polepole. Usipunguze, na wallahi usiongeze.)

Kwanza mjue tunavyokaa. Tangu vita hivi vianze, tumekusanywa kwenye kijiji kimoja nje ya Garissa. Ua wa miiba pande zote, lango moja, askari langoni. Unatoka kwa ruhusa, unarudi kwa ruhusa. Lori la duka huja likisindikizwa, na likija lina unga na sukari. Nguo hakuna. Kwa hiyo wajukuu wangu wawili, Hodan wa miaka minane na Sahra wa sita, walikuwa na gauni moja moja tu. Na magauni yenyewe, niseme nini? La Hodan lilikuwa na mikono lakini halina mgongo. La Sahra lilikuwa na mgongo, basi. Ukiwaunganisha wote wawili unapata mtoto mmoja aliyevaa.

Habari ikafika mjini kwa Ebla. Ebla ndiye mama wa Shukri, mke wa mwanangu. Yaani mimi na yeye sote ni nyanya wa wasichana hawa, ila yeye anakaa nyumba ya bati na ana cherehani, na hasahau kukukumbusha. Juzi akanitumia maneno kwa mdomo wa dereva: "Nimesikia wajukuu wangu wanatembea na matambara. Alhamisi nakuja na lori. Nikikuta ni kweli, narudi nao."

Arudi nao! Wasichana niliowapokea kwa mikono yangu hii siku walipozaliwa! Ruhusa ya kwenda mjini nimeomba mara mbili, nimenyimwa mara mbili. Wakipita lango lile, sijui nitawaona lini. Mwanangu yuko Wajir na mifugo, barabara imefungwa. Ningebaki na Shukri anayelia, na mzee wangu anayesikia kwa sikio moja, na hilo moja hulitumia akipenda.

Leo ndiyo Alhamisi. Nimeamka alfajiri, nimewavua magauni, nimewafunga wote wawili kwenye mkeka mmoja wakae ndani. Nikatafuta viraka. Nikapata gunia. Mgongo wa Hodan nikauziba kwa gunia, mikono ya Sahra nikaishona kwa gunia. Nikafua kwa kipande cha mwisho cha sabuni, nikaanika kwenye miiba. Yakatoka mazuri. (Yakatoka magumu kama ngozi, lakini mazuri.)

Ningeishia hapo, msingekuwa na barua hii. Lakini nikaikumbuka pua ya Ebla.

Mnajua kwetu nguo haijawa safi mpaka ifukizwe. Unatia makaa kwenye chetezo, unatupia uvumba, unasimamisha vijiti juu yake, unatandaza nguo, moshi unaingia taratibu. Hata msichana mdogo anajua. Uvumba wa kutosha ukucha unatosha nguo.

Mimi nilitia kiganja kizima.

(Nilitaka Ebla anuse akiwa bado langoni.)

Shukri akachungulia. Huniita hooyo, mama, kama aliyemzaa. "Hooyo, makaa ni mengi. Na hilo gunia..."

"Shukri, nilikuwa nafukiza nguo kabla mama yako hajaota meno. Nenda kachemshe chai."

Akaenda. Mtoto mwenye adabu yule. Angenibishia kidogo tu, leo nisingekuwa hivi.

Nikatoka kutazama barabara. Nikaona vumbi la lori. Nikafurahi. Nikasikia harufu ya uvumba. Nikafurahi zaidi. Kisha harufu ikawa ya gunia.

Nikageuka. Yaa Rabbi! Moshi mweupe umetoka juu ya kibanda changu, umesimama wima kama nguzo. Na sheria ya kijiji hiki kila mtu anaijua: jua likishapanda, hakuna moshi. Askari wanasema ndivyo watu wanavyowapigia ishara shifta, wale waasi wa porini. Mimi mwenyewe wiki iliyopita nilimgombeza jirani kwa kuchoma mahindi mawili!

Nikaingia mbio. Wasichana wako kwenye kona na mkeka wao, wanakohoa. Nikavua shali kichwani, nikaanza kuyapiga magauni. Shali likashika moto. Nikalikanyaga shali. Magauni yakaendelea. Nje firimbi inalia, viatu vinakuja.

"Toka nje! Mikono juu!"

Sasa fikirini. Kichwa wazi, umri huu, na wanaume mlangoni. Nikanyakua nguo ya kwanza iliyokuwa karibu, nikajifunga kichwani, nikatoka mikono juu. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kijiti, na kwenye kijiti kulikuwa na ukosi wa gauni la Sahra. Ndio uliobaki. Magauni mawili, na uliobaki ni ukosi.

Sajini ni jitu refu la bara. "Wewe nyanya ndiye unawapigia shifta ishara?"

"Ishara gani? Ni magauni!"

"Magauni?"

"Nayatia harufu nzuri!"

Akavuta pumzi kuhakikisha. Akapiga chafya mara tatu, bunduki ikimchezacheza begani. Wenzake wawili wakatazama chini ili wasicheke. Na hapo mzee wangu, aliyekaa kando na chai yake tangu asubuhi bila kuinua kichwa, nyumba ikifuka moshi, akainua kichwa.

"Hicho ulichofunga kichwani," akasema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "ni kikoi changu."

Kijiji kizima kikasikia. Askari wakashindwa kujizuia. Na lori, naapa, lilikuwa limesimama langoni dakika hiyo hiyo, na kibanda changu ndicho cha kwanza kutoka langoni. Ebla akashuka. Hina mpya, shali la manjano, mkoba mkononi. Akanitazama kikoi, akatazama kijiti. Na wajukuu wangu wenye heshima, waliofundishwa kutoka kumsalimia mgeni, wakatoka kumsalimia. Mkeka mmoja, vichwa viwili, miguu minne.

Ebla akashika kiuno.

"Subhanallah. Niliambiwa matambara. Sikuambiwa mkeka."

Jamani! Hata sajini aligeuka kando, mabega yanatikisika. Mimi nilitaka ardhi inimeze na kikoi changu. Samahani, na kikoi cha mzee.

"Shukri," Ebla akasema, "waandae. Lori linarudi baada ya adhuhuri."

Sahra akaanza kulia ndani ya mkeka. Hodan hakulia. Alinitazama mimi tu, amenikodolea macho, anangoja nifanye kitu. Aibu ikanitoka pale pale. Sikuwa na nafasi nayo.

"Ngoja," nikamwambia Ebla.

Nikaingia ndani. Nikafungua sanduku langu, nikatoa vyote vya juu, nikafika chini kabisa. Mnajua mwanamke wa rika letu huweka nini chini ya sanduku. Nguo ya marekani, nyeupe, mpya, haijaguswa na maji, nimeikunja tangu mwaka tulipouza yule ngamia dume. Nikaitoa nje, nikaitandaza mbele ya Ebla.

Akainama kuitazama. Yeye pia anayo ya kwake, chini ya sanduku la kwake.

"Dada," akasema polepole, "hiyo ni sanda yako."

"Ilikuwa."

"Huwezi kuikata."

"Mimi bado natembea, Ebla. Asiye na nguo leo si mimi. Shukri! Mkasi!"

Nikakata. Sikusita. (Nilisita kidogo mwanzoni.) Nimeshona mkono wa kwanza, Ebla amesimama tu. Nimeanza wa pili, nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayeumwa jino. Akatupa mkoba, akakaa mchangani na shali lake la manjano.

"Lete hapa. Mishono yako inafanana na ule ua wa miiba."

Tukashona. Jua likazidi kupanda. Dereva akaanza kupiga honi. Sajini alikuwa bado yuko, na daftari lake, anataka kuandika kosa langu. Nikaona mfuko wa shati lake umening'inia kwa uzi mmoja.

"Mama yako ameuona mfuko huo?"

"Mama yuko mbali, nyanya."

"Basi vua. Shukri atakushonea."

Akawatazama wenzake. Wakatazama mbinguni. Akavua. Na sajini aliyekaa na fulana tu akingoja shati lake hawezi kuruhusu lori liondoke, maana ruhusa hutoka kwake. Dereva akapiga honi mpaka akachoka. Kwenye daftari, Shukri ananiambia, sajini ameandika moshi ulikuwa wa nguo. Basi.

Baada ya adhuhuri wasichana wakatoka. Magauni meupe kama maziwa, shingo mpaka chini ya goti. Wakatembea mpaka langoni, wakarudi, kila jirani ametoka kutazama. Ebla akapitisha kidole kwenye pindo, akakagua kwapa, akakagua shingo. Akatafuta kasoro. Angesema nini? Nusu alikuwa ameshona yeye.

"Nyeupe inachafuka haraka," akasema mwisho.

"Tutafua. Leta sabuni ukija tena."

Akapanda lori peke yake! Peke yake, wenzangu! Hodan alikuwa ameshika mkono wangu huu ninaoandikia. Lori likaanza kutembea, Ebla akatoa kichwa nje.

"Nitakuletea marekani nyingine!"

"Leta!" nikampigia kelele. "Lakini usifanye haraka!"

Mzee amerudishiwa kikoi chake. Kinanukia uvumba, amekivaa, anapita mbele ya watu pole pole.

Basi chekeni, nimewapa ruhusa. Ila mkimaliza kucheka mniombee uzima, maana nikifa mwezi huu sina cha kuvaa.