Hakuna Vidanji, Hakuna Pomadi

Jumatatu, 5 Mei 1997. Jabe, Burundi.

Nina bidoni, dumu zima la pomadi, na sina kikopo hata kimoja cha kuitilia. Bidoni nzima! Imetoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa tabu, imekaguliwa na kila mwenye bunduki njiani, imefika salama, na sasa naiuza kama mpumbavu. Mteja ananyoosha kiganja, namchotea kwa kijiko, anajipaka palepale mbele ya watu, anaondoka anang'aa. Leo mmoja kajipaka mpaka magotini, kisha kasema ngozi yake haijaipenda, halipi.

Kosa la nani? La vikwazo. Nchi jirani zimefunga mipaka ili vita vyetu viishe. Vita havijaisha. Vilivyoisha ni vikopo.

Daphrose, yule wa meza ya mbele, anatilia pomadi yake kwenye vifuko vya plastiki na kufunga fundo. Mteja akifika nyumbani fundo limefumuka, pomadi iko ndani ya unga wa muhogo. Na bado wananunua kwake! Kisha vifuko vyote vinaishia mtaroni, mtaro umeziba, mbu wanatumaliza. Nimemwambia. Kajibu kwamba mbu wanafuata watu wanaong'aa.

Ningevumilia. Lakini mke wangu Amira yuko Buyenzi kwa mama yake tangu ajifungue. Arobaini yake inatimia Jumapili hii. Na mama mkwe, Mama Mwanvua, kaleta maneno: binti yake na mjukuu wake hawarudi kwa mwanamume anayepaka wake za watu mafuta sokoni.

Mimi! Mimi nachota tu! Kupaka wanajipaka wenyewe!

Nyumba kimya mpaka inachukiza. Mwanangu Shabani namwona kwa kuomba ruhusa, utadhani naenda ofisini Rohero kutafuta muhuri.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata!

Jana jioni napita mbele ya baa (mimi sinywi, napita tu). Mlevi anaomba bia, fedha anazo mkononi, mwenye baa anamkatalia katakata. Vidanji iko wapi? Huna chupa tupu, hupewi iliyojaa. Burundi nzima inajua sheria hiyo. Mtu anaweza kusahau jina la baba mkwe wake, vidanji hasahau. Chupa moja imeshanywesha mtaa mzima, na bado ni chupa. Sasa kwa nini bia iheshimiwe hivyo na pomadi isiheshimiwe?

Nimeandika kwa makaa kwenye katoni: HAKUNA VIDANJI, HAKUNA POMADI. Watu walete vikopo vyao vya zamani, nivichemshe, nivijaze, vitoke tena. Hakuna kitu kutupwa. Mtaro utapumua. Mama Mwanvua ataona mwanamume mwenye mpango, na Jumapili nitabeba mwanangu mwenyewe kumleta nyumbani.

Daphrose kasoma katoni mara mbili, kacheka, kaita jirani naye aje kusoma.

Jumatano, 7 Mei

Aibu. Sijauza hata kijiko.

Vikopo wanavyo wote! Nimeuliza mmoja mmoja. Kimoja kina chumvi. Kimoja kina sindano na vifungo. Kimoja kina ndagala za kusaga, dagaa wa ziwani. Kimoja kina tumbako ya bibi, na bibi akikosa tumbako hapakaliki nyumbani. Mama mmoja kaniuliza kama nataka chumvi yake aiweke mdomoni mpaka nitakapomaliza kuchemsha kikopo.

Nimetembea mtaroni kutafuta vilivyotupwa. Hakuna! Vifuko vya Daphrose tele, kikopo hakuna hata cha dawa. Nchi gani hii? Natoka jasho kuwafundisha watu wasitupe vikopo, kumbe hakuna aliyewahi kutupa!

Alhamisi, 8 Mei

Wabishi dawa yao ni tamaa. Nimegeuza katoni: LETA VIKOPO VIWILI, CHUKUA KIMOJA KIMEJAA, BURE.

Ee Mungu wangu! Saa tatu wamejaa. Saa nne wanasukumana. Vijana, mabinti, wazee, hata shemeji yangu Uthmani, mdogo wake Amira, kaja mbio kutoka Buyenzi na viwili chini ya shati. Kesho anakwenda kumwona msichana, na yeye magoti yamempauka. Nimempa cha kujaa sana. Shemeji ni shemeji.

Nimevichemsha vyote kwenye sufuria ya pilau ya Amira. Vingine vimeletwa na uchafu wake ndani: chumvi imeganda, tumbako, kipande kikavu cheusi kama mzizi. Uchafu wote nimemwaga mtaroni. Watu hawana adabu.

Meza yangu sasa ni duka la matajiri wa Rohero. Daphrose hacheki tena. Nimemsalimia mara nne ili nihakikishe.

Ijumaa, 9 Mei

Nimetoka kuswali nimekuta wanawake wamezunguka meza yangu. Si wateja.

Eti vikopo ni vya wizi! Mke kaleta cha wifi yake, wifi kaleta cha jirani, jirani kaleta cha mama mwenye nyumba. Na kila mmoja anakijua chake. Huyu kwa mkwaruzo, huyu kwa kifuniko kilichopinda, huyu eti kwa harufu, baada ya mimi kukichemsha saa nzima! Jabe nzima jana imepika bila chumvi, na mwizi ni mimi. Nimeiba nini? Nimepokea tu!

Wamenipeleka kwa shefu wa karte, mkuu wa mtaa. Huyo naye kaamua papo hapo: kila kikopo kirudi kwa mwenyewe. Nimesema sawa, lakini vimejaa pomadi yangu. Kasema hilo ni langu la kutafakari. Wamebeba vyote. Vimejaa! Mke wa shefu kabeba viwili. Daphrose kabeba vitatu, yeye ambaye hajawahi kuwa na kikopo maishani mwake, na njiani anaita "Mana yanje, Mungu wangu, vikopo vyangu!" kama kakutana na watoto waliopotea.

Bidoni tupu. Meza tupu. Jumapili keshokutwa.

Jumamosi, 10 Mei

Uthmani kaja, uso wa majivu. Kikopo kimoja alichoniletea ni cha mama yake. Alikitoa chini ya kitanda. Mama Mwanvua leo asubuhi kakitafuta, hakukiona, kapiga ukelele mpaka watu wa avenyu ya pili wakaja.

Nikasema si atapata chumvi nyingine.

Uthmani kasema haikuwa chumvi. Ndani mlikuwa na kitovu cha Shabani. Kilipodondoka, Mama alikikausha akakiweka, anasubiri njia ya Rumonge itulie ili akakizike kwenye shamba la ukoo, pale kilipo cha Amira na cha Amira mkubwa, bibi yake. Sasa mwizi kakichukua, na Mama kaapa: hakionekani kitovu, mtoto hatoki kwake.

Kile kipande kikavu. Cheusi, kama mzizi.

Nimetupa kitovu cha mwanangu mtaroni kwa mikono yangu.

Nimeingia mtaroni. Nimepekua maganda ya ndizi, vifuko vya Daphrose, matope, mpaka askari wakaanza kufukuza watu kabla ya kuvrefe, saa ya kutotoka nje. Nililia. Naandika hivi kwa kuwa hakuna anayesoma. Lakini pia nauliza: mtu mwenye akili anaweka kitovu kwenye kikopo cha krimu ya uso? Bila kuandika juu? Wangeniambia! Mimi ni baba!

Nimewaza. Jikoni kuna tangawizi kavu. Kipande kimoja kidogo, ukikichoma kidogo na kukipaka masizi, wallahi, ni chenyewe.

Jumapili, 11 Mei

Nimefika Buyenzi na kanzu safi. Ukumbini wanawake wamejaa, Amira katikati, kavaa kanga mpya, mzuri mpaka nikasahau maneno. Shabani kalala.

Nimesema nimeizunguka Jabe yote, nimepambana na mwizi, nimekirudisha. Nikafungua leso.

Wanawake wamesema alhamdulillahi. Mama Mwanvua kakichukua. Kakigeuza. Kakipeleka puani. Kanikazia macho, kisha kasema yeye anapika pilau tangu enzi za mwami, mfalme wa zamani, na kaniuliza kama mwanangu alizaliwa kwenye meza ya viungo.

Amira ndiye aliyecheka wa kwanza. Kacheka mpaka kanga ikamdondoka, kisha kicheko kikageuka kilio, na hapo nikasema yote. Vidanji, sufuria, mtaro, yote. Uthmani katoka kwa mlango wa uani.

Mama Mwanvua kauliza swali moja: ule mtaro maji yake yanatembea? Nikasema apana, umeziba tangu vita vianze.

Kairudisha tangawizi kwenye leso yangu. Kisha kasema njia ya Rumonge anaingoja mwaka wa nne, kila wiki gari linachomwa, na labda atakufa haijafunguka. "Basi. Kitovu kiko Jabe. Mutu ni wa kule kitovu chake kiko. Mutoto ataenda Jabe." Na machozi yanamtoka, hayafuti.

Nikaruka! Nikamshika mikono. Amira anarudi, Shabani anarudi!

Kasema hajamaliza. Mtoto mwenye baba kama huyu haachwi peke yake. Na yeye anakuja.

Jumanne, 13 Mei

Kahamia. Kaweka mkeka wake kando ya mtaro, mbele ya meza yangu, na ole wake anayetema mate pale. Mteja akitaka kunifikia lazima apite kwake, asalimie, aulizwe ukoo. Wanachoka, wanakwenda kwa Daphrose. Na Daphrose kamletea chai! Wamekaa pamoja, wanaongea, wakitaja jina langu wanashusha sauti. Hiyo ndiyo shukrani ya mtu aliyetaka kusafisha mji.

Lakini nyumbani kuna kilio cha mtoto, na mke wangu anaimba jikoni. Kaniomba jambo moja tu, kanishika mkono akiniomba: nisiguse tena kikopo cha mtu yeyote. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote, na machozi kidogo.

Mtu wa Uvira kaleta bidoni nyingine leo asubuhi, kwa mkopo.

Na Mama Mwanvua kahama na kapu lake la viungo. Nimeinua kitambaa kutazama tu. Vikopo vya kioo, siyo plastiki, vya kioo! Vifuniko vya kukaza, hakuna hata kimoja kilichopinda. Binzari, karafuu, iliki, mdalasini wa wageni. Yeye kaingia kuswali adhuhuri, na ni mtu wa sunna nyingi.

Binzari inakaa vizuri tu kwenye gazeti. Maji nimeshabandika.