Abiria wa Stesheni ya Nether Wibley

Jumatatu, 4 Machi 1963
Barua kutoka makao makuu. Alhamisi anakuja mkaguzi kuona kama watu bado wanapanda treni yetu. Wasipoonekana, stesheni inafungwa. Mimi, mkuu wa stesheni miaka kumi na tisa! Leo abiria wawili; mmoja alikuwa amepotea njia. Lakini akili ninayo. Nimebandika tangazo: Alhamisi, mjini Orby, viatu vya kike nusu bei. Enid Pocock, mlinzi wa geti la reli, akauliza ni duka gani. Nikamwambia maswali ni adui wa maendeleo.

Jumanne, 5 Machi
Kijiji kizima ni viatu, viatu. Ushindi!

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Tibbs, dereva wa basi, mtu asiye na haya, kasoma tangazo LANGU na kuongeza safari. Anawashusha watu sokoni kabisa. Treni huwaacha maili nzima nje ya mji. Nikaenda kumkemea. "Asante kwa kunitangazia, mzee," akanijibu. Haya. Basi sharti livuke reli. Nikilifungia geti, watu watachoka kungoja, watashuka, watakuja kwangu. Enid kakataa katakata. Nitafunga mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Nilifunga saa tatu asubuhi. Basi likasimama. Mvua. Hakushuka hata mmoja! Wakala mikate yao, wakaimba nyimbo za kanisani. Treni ikapita mbele ya macho yao, tupu kama debe. Na kwenye kiti cha mbele cha basi, bwana mmoja mwenye kofia nyeusi akiandika, akiandika. Mkaguzi! Alikuwa amechelewa treni kule Orby, akaja kwa basi la Tibbs; lilipogeuza na kujaa watu wa viatu, akabaki humo kuwahesabu.

Ijumaa, 8 Machi
Bi Gathercole, mmoja wa waliokuwa kwenye basi, kanifuata hadi ofisini. "Viatu viko wapi, mwongo mkubwa we?" Akanivua kofia, akaitupa relini. Nilistahimili. Kilichonimaliza ni Enid. Kumbe dereva wa treni alimdokeza habari ya mkaguzi wiki iliyopita, naye akapita nyumba kwa nyumba. Watu hamsini walimwahidi kupanda treni Alhamisi. Hamsini! Kisha wakasikia viatu, wakakimbilia basi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliogopa nitamsaidia.

Stesheni ikifungwa, nyumba ya geti anamoishi Enid itakwenda nayo. Ndimo alimozaliwa. Nilikunywa chai iliyopoa, nimesimama.

Jumapili, 10 Machi
Enid hajakata tamaa. Ameandika barua ya kuomba stesheni iachwe, na baada ya ibada watu mia mbili na sita wametia saini, hata Bi Gathercole. Mkaguzi ameahidi kuipima upya hesabu yake akiiona barua hiyo. Enid amenikabidhi karatasi niziweke kwenye treni ya kesho. Ameniapisha nisifute hata nukta.

Sijafuta. Nimeongeza tu. Majina sabini na mawili, kila moja kwa mwandiko wake. Nimeyatoa kwenye mawe ya makaburi, kwa hiyo hakuna atakayekuja kulalamika.