Mabeseni Matatu ya Maharage

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Binti yangu amekuja asubuhi na mdomo wake. Ati pesa yangu ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni hainilishi. Ati nifunge chumba, niuze jiko, nikaishi kwake, nipakuliwe kwa saa kama mgonjwa. Mimi! Niliyemlisha yeye mpaka akaota meno ya kunijibu! Nikamwambia nitakula wiki nzima kwa pesa hiyo hiyo na nitabeua. Akasema haya, Jumapili anakuja. Akisikia nimekopa hata chumvi, nafungasha. Tukapeana mkono.

Dukani muuza nafaka kaniambia maharage yakilowekwa huvimba mara mbili na zaidi. Miaka yote hii nayapika, sijawahi kulifikiria! Kumbe anayenunua vitunguu na mafuta anatupa pesa. Nimenunua maharage matupu, kwa pesa yote. Muuza nafaka akauliza kama nina sherehe. Nikamjibu nina akili.

Nimeyaloweka yote. Ya nini kusubiri?

Jumanne, tarehe 4

Mungu wangu! Yamepanda! Yameisukuma sahani niliyofunikia, imeanguka chini, pwaa. Nimehamishia beseni la pili, la tatu, ndoo, hata birika. Nikakaa kwenye kigoda nikiyatazama kama mtu anayetazama mlima. Haba na haba hujaza kibaba? Nani kasema! Kibaba kimejaza nyumba!

Nimepika sufuria moja. Bila chumvi. Bila kitunguu. Mafuta ya jiko yakaisha maharage bado magumu. Nimeyatafuna hivyo hivyo, taya linauma mpaka sikioni. Fundi cherehani wa chumba cha pili, tunamwita Redio kwa kuwa hazimwi, kachungulia akauliza kokoto hizo nazitafunia nini. Najua ni binti yangu kamtuma. Nikamwambia hiki ni chakula cha wenye meno, apite.

Jumatano, tarehe 5

Njaa. Na maharage kila mahali! Mashuka ya wageni yanadai mabeseni yao. Nimefua kwa karai la kunawia miguu, shuka moja moja, mgongo umekatika. Maharage nimeyachuja maji, nikayafunika kwa shuka bichi la wageni. Msimamizi wa nyumba ya wageni asijue.

Kukopa siwezi. Lakini kubadilishana si kukopa! Tanuri la muoka mikate wa barabarani hukaa moto mpaka mchana, mikate imeshatoka, joto linapotea bure. Nikaenda na sufuria nikamwambia tanuri lako lina uvivu, linipikie, na robo ni yako. Akacheka. Akatia chumvi mwenyewe. Sikuomba! Naandika hapa iwe ushahidi.

Yametoka laini, yanameremeta. Nimekula nimesimama, sikuweza kungoja kukaa.

Ijumaa, tarehe 7

Nimefunua shuka nikapiga ukelele. Maharage yameota mikia! Myeupe, imepinda, yote imeelekea dirishani kama watoto wanaomngoja mama. Redio akaja mbio na mkasi mkononi, akidhani nimevamiwa. Akaona. Akanyamaza. Redio, kunyamaza!

Tukainama tuyaone kwa karibu. Vitu vilivyokaa guniani vikavu kama vifungo vya koti, vimenyweshwa maji tu, vikaamka. Na mimi na miaka yangu sabini na mbili nalalamikia magoti! Nilinong'ona nisije nikayashtua.

Kisha nikakumbuka yanaliwa, nikapeleka tanurini sufuria baada ya sufuria.

Redio akaleta vitunguu. Nikamwambia si zawadi, ni biashara. Msusi jirani akaleta nyanya, fundi viatu wa mlangoni akaleta kijiko chake tu, mtu asiye na haya. Kila aliyetia mkono mara ya tatu nilimwambia ukweli wake. Hakuna aliyeondoka.

Jumamosi, tarehe 8

Asubuhi nimefunua mabeseni. Tupu! La pili tupu. La tatu, ganda moja. Ndoo! Birika! Kumbe jana tumemaliza.

Nimekunywa maji. Begi liko juu ya kabati. Nimelishusha. Nimelipandisha. Nimelishusha tena nikalipangusa vumbi tu, basi.

Jumapili, tarehe 9

Binti kafika saa sita, kanusa kila kona. Akagusa jiko: baridi. Akauliza jana nimekula nini. Nikasema maji, kwa hiari yangu. Hakucheka. Akafungua begi, akaanza kukunja nguo zangu. Sikujua kwamba zote zinaenea humo.

Mlango ukapigwa teke. Redio, sufuria mikono miwili. Nyuma yake muoka mikate na mkate wa moto, msusi, fundi viatu na kijiko chake. Binti akang'aka: kumbe unakopa, mama! Redio akamgeukia. Akope nini huyu? Tumekula kwake tangu juzi, tumetukanwa kila kijiko. Leo ni zamu yake kula na yetu kutukana!

Binti akatutazama mmoja mmoja. Akakaa. Akala. Akaomba kuongezewa. Nguo nimezitoa begini mwenyewe.

Akiondoka akanishika mkono, akanisihi wiki hii ninunue kila kitu kidogo kidogo: mchele kidogo, mafuta kidogo, chumvi. Nikamwitikia vizuri kabisa.

Nikapitia dukani na pesa ya wiki mpya. Muuza nafaka anasema njegere kavu huvimba kuliko maharage. Kuliko! Nimechukua njegere tupu, kwa pesa yote. Mabeseni yamejaa, ndoo imejaa, na nyingine ziko kwenye karai juu ya kitanda. Nimetega sikio. Zinasema tik, tik, ndani ya maji.

Pa kulala nitapaona.