Bomba Langu la Siri na Wageni wa Chuo Kikuu

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Baridi kali. Wameingia mtaani wanafunzi wa Chuo Kikuu, eti kutufundisha kutunza maji ya mji. Mtu atoke Dar es Salaam mpaka Mbeya kufundisha watu kufunga koki? Hapana! Hawa wametumwa. Kiongozi wao Apolonia, msichana wa miwani mikubwa, ananiita Ndugu Zubery huku anatabasamu. Anatabasamia nini? Bomba nililounga kwa siri kutoka bomba la mji, chini ya ukuta mpaka jikoni kwangu, hakuna alijuaye ila mimi na Mungu. Bila hilo nitapanga foleni kwenye bomba la mtaa na Mama Anyitike, anayeuza chai mkabala na mgahawa wangu. Chai yangu huchemka alfajiri, yake bado inangoja ndoo. Wateja wote ni wangu. Sikubali!

Jumanne, 6 Agosti
Darasa bombani. Apolonia kasema kiangazi hiki ukiona majani mabichi, chimba, pana bomba linavuja. Aliposema mabichi alinitazama mimi! Nikarudi mbio. Nyuma ya ukuta mchicha umestawi ajabu. Nimeung'oa wote. Mchana mchicha, jioni mchicha. Mke wangu Mwantumu kauliza kulikoni. Hata yeye sasa simwelewi.

Alhamisi, 8 Agosti
Mtaa mzima umetoka kutafuta panapovuja. Nikajitolea kuongoza, maana aongozaye ndiye achaguaye njia. Nikawapeleka mbali kabisa. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Jailos, akasifu bidii yangu. Tunarudi, lo! Bata wa Mama Anyitike wanaoga topeni nyuma ya ukuta wangu. Nikasema ni maji ya vyombo. Apolonia akauliza ni vyombo gani hivyo, mbona maji hayakomi. Balozi akaagiza jembe. Halikuchimba sana, bomba langu likaonekana. Aibu! Naapa yule mama aliwafundisha wale bata.

Ijumaa, 9 Agosti
Bomba limekatwa. Kopo langu foleni, nyuma ya kopo la Mama Anyitike. Wateja wangu wamejazana kwake. Imeniuma sana. Akaniletea kikombe cha chai, bure, akisema pole jirani. Nikakinusa. Nikanywa. Tamu! Kuna jambo hapa.

Jumapili, 11 Agosti
Wanafunzi wanaondoka kwenda Iringa. Nimemfuata Apolonia nikamwomba anieleze kwa nini bomba langu lilivuja. Kafurahi nusura alie. Kasema lililala juujuu, mikokoteni ikalipasua. Bomba huzikwa kina cha kiuno, na viungo hufungwa kwa katani na rangi. Akamwambia Balozi kuwa katika mtaa huu mimi ndiye niliyeelimika kuliko wote. Sifa zote hizo za nini? Ananitega. Lakini elimu ni elimu. Katani nimenunua. Shimo la jikoni limeshafika magotini.