Maharage ya Kizungu kwa Mgeni wa Saba Saba

Jumanne, 1 Julai 1975. Lukozi.

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti Abrahamu katangaza: Saba Saba tutapata mgeni kutoka Tanga, Ndugu Francis. Atakula hapa hapa kijijini. Ambaye chungu chake kitampendeza mgeni ndiye atakuwa mpishi wa mgahawa wa kijiji, na atasamehewa kulima shamba la ujamaa. Kusamehewa jembe! Shamba lenyewe limesimama wima kama ukuta. Juzi niliteleza, jembe langu likafika mtoni kabla yangu.

Watu wote wakamgeukia Mama Rahabu, mjane mwenye makande yake. Akatabasamu kama aliyekwisha kuchaguliwa. Nikasimama. Nikasema mimi Fanueli nitapika maharage ya kuoka, ya Kizungu, kama yale ya kopo yaliyokuwa madukani zamani. Vicheko! Waache wacheke.

Nyumbani mke wangu Jenoveva kauliza nilijifunza wapi. Nikamkumbusha kwamba niliwahi kufanya kazi kwa mzungu wa mashamba. Akanikumbusha kwamba nilikuwa nafyeka majani. Kweli. Lakini chini ya dirisha la jikoni!

Alhamisi, 3 Julai.

Jaribio la kwanza. Maharage, nyanya, vitunguu, sukari guru. Vyote chunguni, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, kama mtu anayeoka mkate. Nikajinyoosha kidogo kusubiri. Juu yameungua, katikati mabichi. Nikatafuna moja kishujaa. Jino la nyuma limelegea. Mbuzi kanusa, kanitazama, kaondoka zake.

Jenoveva kauliza kama niliyaloweka. Kwani ni nguo?

Jioni nikapita kwa Mama Rahabu, kwa ujirani mwema tu. Nikamnong'oneza kwamba Ndugu Francis ana meno mabovu, mahindi hayawezi. Nilitegemea ataacha makande. Kanishukuru sana! Kasema basi atayakoboa vizuri zaidi na kuyachemsha mpaka yawe laini kama siagi. Akanipa na ndizi mbivu. Nimeila kwa uchungu.

Jumamosi, 5 Julai.

Nimeyaloweka. Nimemwambia Jenoveva ni wazo langu.

Asubuhi nikaenda kwa Mzee Yohane, ambaye yeye kweli alikuwa mpishi wa wazungu. Shikamoo yangu leo ilikuwa ya kuinama kuliko kawaida. Kasema wazungu wake walitia kipande cha nguruwe aliyekaushwa kwa moshi, ndiyo siri yenyewe. Nguruwe! Jirani yetu Paskali anaye. Kanipa kipande kinene, kwa ahadi kwamba nitampalilia vitunguu vyake wiki nzima. Nikaahidi upesi. Mpishi wa kijiji hakosi watu wa kumpalilia.

Kuchemsha kwanza. Kisha chunguni pamoja na nguruwe, moto mdogo hadi alasiri. Nikafunua. Ee Mola! Mchuzi mzito wa rangi ya udongo wetu baada ya mvua, maharage yamenenepa, mafuta yanang'aa juu. Mzee Yohane kaonja, kafumba macho, kasema, "Vyedi!" Akisifu kwa Kishambaa, ujue kasifu kweli. Jenoveva kala sahani mbili.

Kesho kutwa napika chungu kikubwa. Kwaheri jembe!

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba.

Siku mbaya.

Landrova ikatokea kwenye ukungu. Ngoma, vigelegele. Akashuka mtu wa makamo, kofia nzuri ya kushonwa kwa mkono kichwani. Mwenyekiti akatangaza kwamba Ndugu Francis kapata dharura, na badala yake tumkaribishe Ndugu Kibwana.

Kibwana! Mwislamu wa Tanga, mtu wa swala tano! Na chungu changu kiko mezani, wazi, kinanukia mpaka barabarani.

Akaja moja kwa moja kwangu, pua mbele. Nikasema yangu hayajaiva. Kasema anaona yameiva. Nikasema makande ya Mama Rahabu ni bora kuliko yangu. Mimi! Kwa mdomo huu! Mama Rahabu kaangusha mwiko. Ndugu Kibwana akawageukia watu, akasema huyu ndiye mjamaa wa kweli, anayemsifu mwenzake hadharani. Makofi.

"Sasa nipakulie," akaniambia, "na usinipunje."

Nikapakua polepole. Nikafikiri kuzimia. Nikafikiri kummwagia Mwenyekiti. Kijiko kikapanda. Kikafika kwenye masharubu.

"Ndugu, yana nguruwe!"

Sauti yangu ilivuka bonde ikarudi. Ngoma zikanyamaza. Mwenyekiti kawa rangi ya majivu. Ndugu Kibwana akaweka kijiko chini taratibu.

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Niliogopa, Ndugu."

"Na ungeshinda ungepata nini?"

Nikamweleza habari ya mgahawa na jembe. Akacheka mpaka kofia ikakaa upande. Akanishika mkono, akasema mwingine angenyamaza apate cheo. Nilitaka kulia. Kisha akanawa, akaenda kula makande ya Mama Rahabu, sahani tatu. Kayasifu kwa ulaini. Ulaini! Ushauri wangu mwenyewe!

Mama Rahabu ndiye mpishi. Chungu changu Walutheri wamekimaliza kabla sijapata hata kijiko. Mwenyekiti kakifuta ndani kwa kidole.

Jumatano, 9 Julai.

Asubuhi shamba la ujamaa, alasiri vitunguu vya Paskali. Siwezi kunyooka. Mchana Mama Rahabu kaniletea makande shambani. Ni matamu. Sitaki kulizungumzia.

Nimetafakari sana nilikosea wapi. Jibu nimelipata: maharage ni chakula cha kawaida mno. Mwezi ujao anakuja mgeni mkubwa zaidi, kutoka Dar es Salaam. Nimekwisha kumwambia Mwenyekiti kwamba nitatengeneza jibini. Niliiona mara moja Lushoto mjini, mkononi mwa padri. Ya njano. Ni maziwa yaliyokaa tu, ugumu uko wapi?

Jenoveva kasikia. Hakugomba hata kidogo. Kafunga vyungu na sufuria zote ndani ya kanga, pamoja na mwiko, kaenda nazo Mtae kwa mama yake.

Nadhani jibini haihitaji mwiko.